Mhuri wa Usharika

Mimi ni karani. Kazi yangu ni wino.
Miaka kumi na tisa nafungua droo hii,
natoa mhuri, naupulizia pumzi ulainike,
napiga: kabatizwa.
Kapata kipaimara.
Kahamia Dodoma, tafadhali mpokeeni.
Kafariki akiwa mshirika mwaminifu,
yaani ahadi zake zote kalipa.

Jumapili ya mavuno Ndewirwa alileta yai.
Moja, ndani ya leso, bado lina unyoya.
Mnadani, nje, chini ya turubai,
mzee Aminieli akalinyanyua kama almasi: elfu moja! elfu tatu!
Aliyelinunua akalirudisha, linadiwe tena,
likauzwa mara nne, likafika elfu ishirini na mbili,
tukapiga makofi, nami nikaandika daftarini, moyo umejaa.
Ndewirwa alikwisha kuondoka.
Alikuwa na foleni ya kuwahi.

Hapa Moshi, ukisimama uani pa kanisa
asubuhi isiyo na wingu,
theluji ya Kibo iko pale, nyeupe,
kama kitambaa cha meza ya Bwana.
Na bomba la mtaa wetu halijatoa tone tangu Februari.
Kioski kina kufuli. Kufuli lina utando wa buibui.
Hoteli ya kule juu ina maji ya kurushwa hewani tu,
usiku huwashiwa taa za bluu.
Ndoo ya mkokoteni ni mia tano.
Ndewirwa hufulia watu, ndoo sita kwa siku,
ujira elfu nne.
Piga hesabu. Mimi nilipiga, ndiyo kazi yangu.
Ikabaki buku. Na wajukuu watatu.

Jumanne akaja ofisini, kandambili mkononi,
kwa kuogopa kuchafua sakafu.
Nikafumba macho, nimwombee.
“Hapana, mama karani. Nimeombewa vya kutosha.
Nina karatasi.”
Barua kwa halmashauri. Majina mia moja na kumi na mawili,
mengine ni dole gumba tu, wino wa peni iliyopasuliwa.
“Wanasema barua bila mhuri ni kelele.”

Baraza la wazee likakaa mpaka chai ikapoa mara mbili.
“Siasa,” akasema mzee Aminieli, “tusiiingize kanisani.”
Wakaitikia kwa vichwa. Mchungaji akatazama dirishani.
Mimi huandika tu, siongei,
lakini kalamu ina kumbukumbu mbaya kuliko mdomo:
Oktoba ile, mheshimiwa alisimama pale madhabahuni,
akaahidi mabati hamsini, tukampa maikrofoni.
Siku ile hakuna aliyeiita siasa.
Kwenye muhtasari niliandika, kwa mkono wangu huu: baraka.

Kila Ijumaa Kuu tunasoma kwamba Bwana aliona kiu.
Tunasoma kwa sauti ya chini, tunalia kidogo.
Hatujauliza hata mara moja
ndoo siku ile ilikuwa bei gani,
wala nani alikaa na ufunguo.

Baraza likaahirishwa. Agenda nyingineyo: rangi ya mapazia.

Nikabaki peke yangu, na barua, na droo.
Sikusikia sauti. Nisidanganye, sikusikia chochote
ila pikipiki barabarani na njiwa kwenye dari.
Nilimwogopa mzee Aminieli. Niliogopa mshahara wangu.
Nikatoa mhuri.
Nikaupulizia pumzi,
na safari hii pumzi ilitoka mbali, tumboni,
kama ile inayosemwa ilipulizwa kwenye udongo.
Nikapiga.

Wino ulizidi. Ukanichafua dole gumba,
zambarau hadi ukuchani.
Nikalitazama. Sikulifuta.
Nikaligandamiza mwisho wa orodha.

Alhamisi. Benchi la halmashauri ni fupi,
tunakaa kwa zamu.
Ndewirwa amefunga kitu ndani ya leso.
Yai, limechemshwa. Analimenya,
tunagawana wanne.
Bado hawajatuita.